Mkao wa maiti: ile sauti ya mwisho wa yoga imetoka wapi?

Darasa la yoga likikaribia kuisha, unalala chali kwenye mkeka, unafumba macho, na mwalimu anaanza polepole: kaza vidole vya miguu, haya viachie. Sasa mashavu ya miguu. Mapaja. Mikono yako ni mizito, ina joto. Wengi tunadhani haya yote ni maneno ya India ya kale yaliyotafsiriwa tu. Kumbe yana wazazi kadhaa.

Mlalo wenyewe ni wa India kweli. Unaitwa shavasana, na shava kwa Kisanskriti ni maiti. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaueleza kwa ufupi sana: lala chali kama maiti, uchovu utaondoka na akili itatulia. Basi. Kitabu kingine cha zamani, Yoga Yajnavalkya, kinafundisha kuzipitia kwa zamu sehemu 18 za mwili kwa pumzi na umakini. Kwa hiyo hata ile safari ya kupita kiungo baada ya kiungo, India waliijua.

Lakini "kaza, kisha achia"? Hapo tunahamia Chicago. Mwaka 1929 daktari Edmund Jacobson alichapisha kitabu kiitwacho Progressive Relaxation. Hoja yake ni rahisi: huwezi kulegeza msuli ambao hujui kama umekaza. Basi ukaze kidogo, uhisi ule mkazo, halafu acha. Jacobson hakuridhika na mtu kusema tu "nimetulia". Alipima umeme mdogo sana unaotoka kwenye misuli. Mafunzo yake yalichukua muda mrefu, hadi Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alipoyafupisha, kama alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1958.

Na ule uzito na joto la mikono? Huo ni mchango wa Johannes Heinrich Schultz, daktari Mjerumani aliyetoa kitabu chake mwaka 1932. Yeye alianzia kwenye utafiti wa hipnosi.

Hapa ndipo penye utamu. Jacobson hakutaka sauti ya kumbembeleza mtu. Alitaka mwanafunzi ajifunze kuutambua mkazo mwenyewe, mpaka asimhitaji mwalimu. Leo mbinu yake na ya Schultz zinasikika kwa pamoja, kwa sauti ileile laini.

Je, ina maana gani kwetu? Anayesema yote ni ya kale anawafuta watafiti wa karne ya 20. Anayesema yote ni sayansi ya Magharibi anaipora India. Na kama umewahi kulala pale ukajilaumu kwamba akili haitulii, jaribu kuanza na msuli mmoja tu. Kulegeza mwili ni ujuzi, na ujuzi hujengwa kwa mazoezi.