The Slits, Miaka 50 Baadaye

Ariane Forster alikuwa na miaka 14, bado mwanafunzi, alipokutana na Paloma Romero kwenye onyesho la Patti Smith jijini London mwaka 1976. Paloma, Mhispania mpiga dramu, alikuwa akitafuta wasichana wa kuunda nao bendi, ile iliyokuja kuwa The Slits. Binti akakubali kuimba, akajiita Ari Up. Paloma naye alishapewa jina la sabuni, Palmolive, na Paul Simonon wa bendi ya panki ya The Clash, aliyeshindwa kutamka Paloma. Wapiga gitaa na besi wa mwanzo walipita wakaondoka, ndipo Viv Albertine akashika gitaa na Tessa Pollitt besi.

Machi 1977 walipanda jukwaani mara ya kwanza, wakiitangulia The Clash, na miezi miwili baadaye wakazunguka Uingereza na bendi hiyo. Dereva wa basi hakuwataka garini. Ilibidi apewe chai ndipo awashe injini. Hoteli nazo ziliwafukuza. Wanaume wa panki walifanya vurugu zilezile wakaitwa waasi; hawa wakaitwa wehu.

Tuseme ukweli, mwanzoni walikuwa hawajui kupiga. Tempo iliwakimbia, kila mtu na njia yake. Lakini masikio walikuwa nayo, na yalikuwa yamejaa rege. Kwa hiyo walipoingia studio ya Ridge Farm, Surrey, mwaka 1979, kurekodi albamu ya Cut kwa kampuni ya Island, mtayarishaji alikuwa Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na kiongozi wa bendi ya rege ya Matumbi. Palmolive alikuwa ameshaondoka; dramu alipiga Budgie, mwanamume.

Sikiliza wimbo wa Newtown kwa makini. Ule mlio mdogo wa chuma ni kijiko kinachoangushwa, na ule mchakacho ni kibiriti. Bovell alivigeuza vyombo vya muziki. Besi ya Tessa ndiyo inayobeba nyimbo, gitaa la Viv linakwaruza kidogo na kunyamaza, na kati yao pana nafasi ambayo mwanarock wa kawaida angeijaza kelele. Bovell alijua kuiacha wazi. Muziki ule haukumwiga mwanamume yeyote mwenye gitaa, na kwangu huo ndio uzito wa The Slits.

Bahati mbaya, wengi wanalikumbuka jalada zaidi. Pennie Smith aliwapiga picha vifua wazi, wamejipaka tope, vitambaa viunoni. Ubishi juu ya picha ile haujaisha, nayo imeumeza muziki uliomo ndani.

Albamu ya pili, Return of the Giant Slits, ilitoka mwaka 1981, na muda si mrefu bendi ikavunjika. Ari na Tessa waliifufua mwaka 2005, wakiwa na damu changa akiwamo Hollie Cook, binti wa mpiga dramu wa Sex Pistols. Wakatoa Trapped Animal mwaka 2009. Oktoba 20, 2010, saratani ilimchukua Ari akiwa na miaka 48.

Mbegu zilikuwa zimeshamea zamani. Gina Birch aliwaona The Slits jukwaani akapata ujasiri wa kuanzisha The Raincoats pamoja na Ana da Silva, na Palmolive akaenda kuwapigia dramu. Mwimbaji Neneh Cherry aliimba na The Slits akiwa kijana mdogo kabla dunia haijamjua. Kurt Cobain wa Nirvana aliwaweka kwenye orodha yake ya muziki alioupenda kupita wote.

Hata hivyo, mwaka 2016 Maktaba ya Uingereza ilipoandaa maonyesho ya panki, bango la utangulizi lilitaja bendi za wanaume pekee. Viv Albertine, aliyealikwa kuzungumza, aliyakata majina yale kwa kalamu, akaandika The Slits, X-Ray Spex na Siouxsie and the Banshees, kisha akatia saini yake.