Usingizi wa Freiburg

Mwanzoni mwa mwaka 1914 walikuwepo wanawake wa Marekani, wenye fedha na ujasiri, waliopanda meli na mimba zao wakavuka Atlantiki kwenda kujifungulia Freiburg, mji wa Ujerumani ulio kando ya Msitu Mweusi. Katika hospitali ya chuo kikuu huko, madaktari Bernhard Krönig na Carl Gauss walisifika kwa kuzalisha wanawake ambao baadaye hawakukumbuka lolote. Njia yao ilijulikana kama usingizi wa machweo.

Kutuliza uchungu wa uzazi hakukuwa jambo geni. Mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alimvutisha mzazi etha, na kabla mwaka haujaisha akahamia klorofomu. Walipotokea wa kumkumbusha kwamba Hawa aliambiwa atazaa kwa uchungu, aliwajibu kwa Biblia hiyohiyo: Mungu alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Tarehe 7 Aprili 1853 Daktari John Snow alimpa Malkia Victoria klorofomu kwenye leso, kidogo kidogo kila uchungu ulipokuja, kwa dakika 53, mpaka mwanawe Leopold akazaliwa. Baada ya hapo, mke wa tajiri aliyetaka klorofomu hakuwa na haja ya kujieleza sana. Hofu iliyobaki ilikuwa ya kitabibu, maana klorofomu ikizidi huua.

Freiburg waliingia kwa mlango mwingine. Mzazi alipigwa sindano ya morfini na skopolamini, kisha akaongezewa skopolamini kwa kipimo kidogo. Chumba kilitiwa giza na kelele zikazuiwa. Kila baada ya muda alionyeshwa kitu, na baadaye akaulizwa kama amewahi kukiona. Akikikumbuka, aliongezewa dawa, akikisahau, aliachwa. Jaribio hilo la kumbukumbu lilisema yote. Morfini ilipunguza maumivu kiasi, lakini skopolamini kazi yake ilikuwa kufuta kumbukumbu. Wanawake walilia, wakajinyonganyonga, wengine wakapiga kelele. Walipozinduka walikabidhiwa mtoto wakaapa kwamba hawakusikia kitu. Watoto nao baadhi walizaliwa wakiwa wazito wa usingizi, wakichelewa kuvuta pumzi.

Juni 1914 waandishi wawili wanawake, Marguerite Tracy na Constance Leupp, waliisimulia njia hiyo katika jarida la McClure's, na wasomaji wakawaka moto. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipoifunga njia ya Ujerumani miezi michache baadaye, wanawake walitaka dawa hiyo nyumbani. Waliunda chama cha kuipigania, wakahutubia hata kwenye maduka makubwa ya nguo, akina mama wakiwainua juu watoto waliozaliwa Freiburg wawe ushahidi. Wengi wao walikuwa watu wa harakati za kudai kura, na walimwona daktari anayewanyima dawa kuwa ndugu wa mwanasiasa anayewanyima kura. Mimi naona walikuwa na haki. Madaktari wengi walikuwa wakikataa bila kuwauliza wenye miili.

Mmoja wa viongozi alikuwa Bi. Carmody wa Brooklyn, aliyekwisha kuzaa Freiburg. Agosti 1915 alifariki akijifungua tena. Mumewe na madaktari walisema dawa haihusiki, kifo kilitokana na kutokwa damu, lakini maneno yalikuwa yameshaenea mtaani na chama kikanywea.

Chama kilikufa, dawa ikabaki. Mwaka 1900 Wamarekani waliozalia hospitali hawakufika 5 kwa kila 100. Kufikia 1940 walikuwa zaidi ya nusu, na wengi walipokelewa kwa mchanganyiko wa skopolamini. Sasa hapakuwa na chumba cha giza wala muuguzi wa kukaa kando ya mzazi mmoja usiku kucha, kama Gauss alivyotaka. Aliyeweweseka alifungwa mikono kwa mikanda kitandani, ikiwekewa manyoya ya kondoo kwa ndani ili asiamke na alama za kumtia mume mashaka. Mume mwenyewe alikuwa nje, akisubiri kuitwa. Mwaka 1958 jarida la Ladies' Home Journal lilichapisha barua za wasomaji waliosimulia kufungwa hivyo kwa saa nyingi, na ndipo aibu ikaonekana hadharani.

Ndiyo maana kilichofuata kilikuwa na sura mbili. Wapo waliokataa dawa kabisa wakafuata mazoezi ya kupumua ya Grantly Dick-Read na Fernand Lamaze. Wengine walichagua sindano ya mgongo, inayotia ganzi kiuno kwenda chini na kumwacha mama macho. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaozitambua njia zote mbili. Kwa mjamzito mwenye afya anayeomba nafuu, mwongozo unapendekeza sindano hiyo, na pia kukandwa na mbinu za kupumua, kulingana na matakwa yake mwenyewe. Unapendekeza vilevile awe na mtu wake wa kumsindikiza leba, aliyemchagua yeye. Anayekaribia kujifungua aulize kliniki mapema hospitali yake ina kipi kati ya hivyo, kabla uchungu haujaanza.