Vita ya Jadotville kwenye televizyo: namna ya kujua kipindi kiko na uzito

Likasi ni kati ya miji michache ya Kongo yenye filme ya vita kwa jina lake, hata kama ni jina la zamani. «The Siege of Jadotville» ilitoka mwaka 2016 kwenye Netflix, na inahadisia siku tano za Septemba 1961. Tangu hapo kuna pia vipindi vya historia, vile wengi wanaita dokimantere, juu ya vita ileile. Kijana wa Kikula ao wa Panda mwenye simu na megabaiti kidogo anaweza kutazama viwili vitatu kwa usiku moja. Na kwa wengi, ni pale ndipo wanajifunza mara ya kwanza kile kilipita katika muji wao.

Kwanza mambo yenyewe. Kompania A ya batayo ya 35 ya Ireland, askari zaidi ya 150 chini ya mkubwa wao Pat Quinlan, ilitumwa Jadotville na ONU ili kulinda Wazungu wa pale. Wengi kati ya Wazungu wale hawakuitaka hata kidogo, juu walikuwa upande wa Moïse Tshombe. Tarehe 13 Septemba 1961 ONU ilianzisha operesheni Morthor kule Elisabethville, na siku ile ile asubuhi majandarme wa Katanga pamoja na mamluki wakashambulia kambi ya Quinlan. Ndege moja ya Fouga Magister ikawatupia mabomu. Wenzao waliotoka Elisabethville kuwasaidia wakakwama kwenye daraja la Lufira. Tarehe 17, maji na risasi zikiwa zimekwisha, wakaweka silaha chini. Watano walikuwa wameumia, hakuna aliyekufa. Walifungwa karibu mwezi moja. Kwao Ireland walichekwa miaka na miaka. Heshima ya serikali kwa kompania nzima ilikuja mwaka 2016, na medali mwaka 2017.

Mambo hayo karibu kila kipindi kinayajua. Tofauti inaanza kwenye hesabu. Walioshambulia walikuwa wangapi? Kuna wanaosema mia tano, wengine 3.000, wengine wanapanda mpaka 5.000. Na majandarme waliokufa? Hesabu ya 300 inarudiliwa sana, lakini ni makadirio, haiko orodha ya majina. Kipindi cha maana kinasema hesabu ilitoka kwa nani. Kile kinachotupa namba kubwa na muziki wa ngoma kisha kinapita mbio, kinatafuta kusisimua tu.

Jambo la pili ni zito zaidi: nani alikuwa adui wa nani. Tarehe 8 Novemba 1960, kule Niemba, leo jimbo la Tanganyika, askari tisa wa Ireland waliuawa na wapiganaji Baluba. Baluba wale walikuwa wanapinga Tshombe. Waliopiga Jadotville miezi kumi kisha walikuwa majandarme wa Tshombe mwenyewe. Ni pande mbili zilizokuwa zinauana. Kuna vipindi vinavyounganisha Niemba na Jadotville kama hasira moja ya «Waafrika», na mtu wa Manono ao Kalemie akisikia vile anajua mara moja kwamba mwenye kutengeneza hakuuliza mtu yeyote wa huku. Kosa kama lile linatosha kukishusha kipindi kizima.

Picha nazo zinahitaji jicho. Filme ya 2016 ilichezwa Afrika Kusini, na haina kosa kwa hilo. Ni mchezo, waigizaji wako wanaigiza. Lakini dokimantere inayoonyesha vita ya posta ya Elisabethville, ambako walipigana askari Wahindi wa ONU, na sauti inasema «Jadotville», ile inadanganya. Mwenye kuijua Likasi ana nafasi nzuri kuliko mkaguzi wa Dublin: anajua vilima, anajua barabara ya kutoka Lubumbashi, na anaona kama mahali panapoonyeshwa ni pale kweli.

Wazungu pia wako na shida ileile. Mwaka 2023 filme «Napoleon» ya Ridley Scott ilionyesha mizinga ikipiga piramidi za Misri. Vita ile ya 1798 ilipiganwa mbali na piramidi, na wanahistoria walilalamika. Tofauti ni kwamba juu ya Napoleon mtu akikosea kuna vitabu elfu vya kumsahihisha. Juu ya Jadotville, kosa linabakia.

Kuna pia kifo cha Dag Hammarskjöld, mkubwa wa ONU, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Kipindi kinachoonyesha ndege nyingine ikimpiga, bila kusema kwamba jambo halijathibitishwa, kimeruka mbele ya uchunguzi. Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyepewa kazi hiyo na ONU, aliandika kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa. Hakuandika kwamba ni hakika.

Ushuhuda wa wazee wa Ireland haufai kutupwa. Wanapoeleza kiu, ama maji yaliyoletwa na helikopta katika bido zilizonuka mafuta, wanasema kile walionja. Lakini askari ndani ya shimo hakuona juu ya nini kijana Mkatanga alikuwa mbele yake na bunduki. Kwa hilo lazima kamera igeuke upande wa pili: jandarme wa zamani, mama aliyekimbia na watoto, mfanyakazi wa Union Minière. Kama kipindi cha saa nzima hakina hata moja wao mwenye jina na sauti, ni historia ya Ireland iliyofanyika Likasi, na kitazamwe vile.

Vingi vinakoma mateka wanapoachiliwa. Kwa wakaaji wa Jadotville vita haikukoma siku ile: ONU iliingia muji tarehe 3 Januari 1963, na ni mwezi ule ndipo Tshombe aliachana na Katanga yake ya kujitenga.