Hardly

"Hardly" ni kielezi cha Kiingereza chenye maana ya "kwa nadra sana" au "kwa shida". Kwa umbo kinafanana na "hard", yaani "kwa bidii", lakini maana zao ni mbingu na ardhi.

Wanafunzi Wachina hujikwaa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, katika Kichina kielezi cha namna hii hutangulia kitenzi: "nǔlì gōngzuò" ni kufanya kazi kwa bidii. Anayefuata mpangilio huo huandika "I hardly work" akikusudia kusema ni mchapakazi, kumbe amesema kazi haigusi! Sahihi ni "I work hard".

Pili, "hardly" hubeba ukanushi ndani yake. Kichina husema "jīhū bù": "jīhū" ni "karibu", na "bù" ndiyo inayokanusha. Ndiyo maana wengi huongeza "not" isiyohitajika. "I hardly know him" yatosha: namjua kwa mbali tu.

Kielezi hiki kikianza sentensi, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima: "Hardly had he arrived when it began to rain", yaani alipofika tu, mvua ikaanza kunyesha. Muundo huu huonekana zaidi katika maandishi rasmi kuliko katika mazungumzo.