Dondoo na Ushahidi katika Insha ya Fasihi
Mfumo wa 8-4-4, uliopendekezwa na Tume ya Mackay mwaka 1981 na kuanza kutekelezwa mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za sekondari nchini Kenya. Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kadiri ulivyozoeleka, swali la dondoo liliwafunza watahiniwa kutaja msemaji, msemewa, mahali na sababu. Utaratibu huu una manufaa, kwani humrejesha mwanafunzi kwenye matini. Hata hivyo, waliotegemea miongozo waliweza kuyakariri hayo yote bila kukisoma kitabu teule. Kumtambua msemaji si kuthibitisha hoja. Dondoo huwa ushahidi pale tu mwanafunzi anapoeleza jinsi maneno yenyewe yanavyoitetea hoja yake. Maelezo hayo hayakaririki. Sharti kitabu kisomwe.