Onyo la Betri katika Matoleo ya Majaribio ya Mifumo Endeshi

Onyo la betri ni taarifa itolewayo na mfumo endeshi wa kompyuta ya mpakato kumjulisha mwenye chombo kwamba betri yake imepungukiwa, ama na chaji iliyomo kwa saa ile, ama na uwezo wenyewe wa kushika chaji. Makala haya yanahusu khasa onyo la namna ya pili, lile lililozua mabishano makubwa baina ya mwaka 2009 na 2010, tangu mamilioni ya watu duniani walipokuwa wakiijaribu Windows 7 kabla haijatiwa sokoni, na ambalo hata leo huzua ugomvi mdogo mdogo kwenye meza za mafundi wa kompyuta, wa Sumbawanga nchini Tanzania na wa kwingineko.

Asili ya onyo

Katika Windows XP ya mwaka 2001, na katika Windows Vista iliyoifuata, mfumo ulikuwa ukimweleza mtu chaji iliyosalia tu. Betri iliyochakaa ilijaa kwa muda mfupi, ikasomeka asilimia 100, kisha ikazimika ghafla pasipo mwenyewe kuambiwa lolote juu ya uchakavu wake. Windows 7 ililinganisha uwezo ambao betri iliundwa nao kiwandani na uwezo iliofikia ilipojazwa mara ya mwisho, na pindi huu wa pili uliposhuka hadi kiasi cha asilimia 40 ya ule wa kwanza au chini yake, alama nyekundu ya msalaba ilitokea juu ya picha ndogo ya betri pembeni mwa kioo, pamoja na maneno ya Kiingereza ya kumnasihi mtu afikirie kubadilisha betri.

Tukio la Windows 7

Toleo la kwanza la majaribio lilitangazwa na Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Microsoft, mjini Las Vegas mwezi Januari 2009. Kampuni ilikusudia kuwagawia watu milioni 2.5 tu, walakini wingi wa watakaji ukailemea mitambo yake siku za mwanzo, hata kikomo hicho kikaondolewa. Mwezi Mei likatoka toleo la pili, lililokaribia ukamilifu. Tarehe 22 Julai programu ikakamilika, na tarehe 22 Oktoba 2009 ikaanza kuuzwa kwa umma.

Malalamiko yalianza tangu katika siku za majaribio. Watu walieleza kwamba betri iliyokuwa ikidumu saa kadhaa chini ya XP au Vista ilipigwa muhuri wa ubovu mara tu walipoweka toleo jipya, na wengine wakashikilia kwamba hata walipourejesha mfumo wa zamani betri haikurudia nguvu zake. Kwa hiyo dhana iliyoenea ikawa kwamba programu, madhali bado ya majaribio, ndiyo iliyoiua betri. Dhana hiyo ilikuwa na mvuto wake, kwani kila aliyekubali kutumia toleo la majaribio alikwisha kuambiwa kwamba huenda likaharibu mambo, na mtu aliyeandaliwa kuona madhara hayakawii kumtokea machoni.

Tarehe 8 Februari 2010 Steven Sinofsky, aliyekuwa kiongozi wa idara ya Windows, alitoa maelezo marefu yaliyokuwa na hoja tatu zenye uzito. Ya kwanza, kwamba kila betri waliyoweza kuichunguza miongoni mwa zile zilizolalamikiwa ilithibitika kuwa imechakaa kweli. Ya pili, kwamba takwimu zinazolinganishwa hutoka ndani ya betri yenyewe na kupitia programu ya ubao mama, nazo kwa mfumo endeshi ni za kusomwa tu, wala Windows haina njia ya kuziandika upya. Ya tatu, kwamba watu wengi walikuwa wakiliona onyo hilo kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu mfumo wao wa zamani haukuwa nalo. Hukumu hii, ijapokuwa ilitoka kinywani mwa mshtakiwa mwenyewe, inaafikiana na namna chombo kilivyoundwa, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuikataa.

Liko jambo moja lisilotajwa sana katika habari za tukio hili, ambalo yumkini lilizidisha mchafuko. Matoleo ya majaribio yalitiwa muda wa kwisha, na kabla ya kwisha kabisa yaliamriwa kuizima kompyuta kila baada ya saa mbili: toleo la Januari lilianza kufanya hivyo Julai 2009, na lile la Mei likaanza tarehe 1 Machi 2010, yaani majuma machache tu baada ya maelezo ya Sinofsky. Mtu aliyekuwa na msalaba mwekundu juu ya betri yake, kisha akaona mashine inazimika yenyewe, angehitaji uchaji Mungu mwingi kutoyaunganisha mambo hayo mawili.

Namna betri inavyojipima

Betri za kompyuta za mpakato ni za lithiamu, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991, na wagunduzi wake watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walitunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Ndani ya gamba la plastiki la betri za miaka ile mlikuwa na seli za mviringo zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, aghalabu sita, na kando yake kibao chembamba chenye chipu ambayo kazi yake ni kuhesabu umeme unaoingia na unaotoka. Chipu hiyo hutunza tarakimu mbili muhimu: uwezo wa kuundwa, usiobadilika, na uwezo wa mwisho wa kujaa, unaosahihishwa kadiri betri inavyotumika. Kwa utaratibu uliokubaliwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, tarakimu hizo hufikishwa kwenye mfumo endeshi wowote ule, uwe kamili au wa majaribio, kwa lugha ile ile moja.

Fundi atakaye ithibati hahitaji kuifungua mashine. Katika Windows 7 hufungua dirisha jeusi la amri kwa ruhusa ya msimamizi, akaandika powercfg /energy, akangoja sekunde 60, na mfumo ukamwandikia taarifa ambayo karibu na mwisho wake tarakimu hizo mbili zimewekwa moja chini ya nyingine. Betri iliyoundwa kwa miliwati-saa 48,000, ambayo sasa inajaa 19,200, imefika mpaka wa asilimia 40, na onyo lake ni haki. Iliyojaa 36,000 kati ya hizo bado ina robo tatu ya uwezo wake, na ikizimika ghafla basi lawama itafutwe kwenye seli moja iliyodhoofu au kwenye chaja.

Hata hivyo chipu nayo hukosea. Kompyuta iliyoachwa miezi mingi kwenye chaja bila ya betri kushushwa hupoteza hisabu, na uwezo unaosomeka huenda ukawa mdogo au mkubwa kuliko ulivyo; dawa yake ni kuijaza hadi mwisho, kuitumia hadi ikaribie kuzimika, kisha kuijaza tena. Betri za bandia zina kasoro nyingine, kwani zimo ambazo chipu yake imeandikiwa uwezo usiokuwamo.

Adui mkubwa wa lithiamu ni joto likiandamana na chaji kamili. Betri iliyohifadhiwa ikiwa imejaa kwa mwaka mmoja katika nyuzijoto 25 hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na katika nyuzijoto 40 takriban asilimia 65, ilhali iliyohifadhiwa ikiwa na chaji ya asilimia 40 katika nyuzijoto 25 hupoteza kidogo sana.

Rukwa na mwambao wa Kirando

Mkoa wa Rukwa una tabia mbili za hali ya hewa zinazogusa jambo hili la joto na uchakavu wa betri. Sumbawanga, iliyo juu ya uwanda wa Ufipa katika mwinuko wa mita 1,800 hivi, ni mji wa makoti na mablanketi miezi ya Juni na Julai. Kirando, katika wilaya ya Nkasi, iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika ambalo uso wake u karibu mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, na anayeteremka kutoka Namanyere huvua koti kabla hajauona mwalo wa dagaa. Betri mbili za umri mmoja, moja ikikaa Sumbawanga na nyingine Kirando chini ya bati mchana kutwa huku imechomekwa, hazitarajiwi kuzeeka pamoja.

Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi mkoa ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea umeme ulionunuliwa Zambia na kupitishwa Mbala, pamoja na jenereta za shirika la umeme la TANESCO, na vijiji vingi vya mwambao vikajitegemea kwa sola na jenereta ndogo. Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulikuja kusogeza nguzo taratibu, na njia ya kilovoti 400 ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ikapangwa kufika Sumbawanga. Mahali ambapo umeme hukatika bila ya taarifa, betri ya kompyuta ndiyo akiba ya pekee ya mwandikaji: karani wa kituo cha afya anayejumlisha hesabu za mwisho wa mwezi, betri yake ikiwa haikai na chaji, hupoteza kazi ya tangu alipohifadhi mara ya mwisho kila nguzo inapotikisika.

Matoleo ya majaribio hayakuwa rahisi kupatikana huku bara. Faili la Windows 7 lilizidi gigabaiti 2, na mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Afrika Mashariki tarehe 23 Julai 2009, siku moja tu baada ya programu hiyo kukamilika. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilitegemea zaidi setilaiti, na nakala zilisafiri kwa DVD na flashi. Meli ya MV Liemba, iliyokuwa ikisimama Kirando katika safari zake za Kigoma na Mpulungu, ilichukua shehena nyingi za ajabu, na kwa uzito nakala hizo zisingemsumbua nahodha.

Kompyuta nyingi zinazofika mikoani ni za mtumba kutoka Ulaya au Dubai, zenye betri iliyokwisha kutumika miaka kadhaa ughaibuni. Mwenyewe huipeleka kwa fundi ikapigwe Windows mpya, huichukua jioni yake, na msalaba mwekundu humtokea nyumbani. Kesho yake anarudi na shauri kwamba betri ilikuwa nzima hadi fundi alipoishika. Mafundi wazoefu huchukua taarifa ya betri mbele ya mteja kabla ya kugusa kitu.

Mifumo mingine

Kompyuta za Apple hutoa onyo lake la kutaka betri ihudumiwe, na programu ya nishati ya GNOME katika Linux iliwahi kutahadharisha juu ya betri yenye uwezo mdogo.

Hali ya sasa

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 amri ya powercfg /batteryreport imeleta taarifa iliyo wazi zaidi, yenye historia ya uwezo juma kwa juma. Mpango wa kudumu wa majaribio wa Microsoft ulianzishwa mwaka 2014, na Windows 7 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020. Mashine zake bado zinaonekana katika maduka ya kuchapa na kurudufu ya Sumbawanga, aghalabu zikiwa zimechomekwa ukutani moja kwa moja na betri imekwisha kuondolewa.