Tembe la Ugogo na Kipimo cha Mwaka 1863: Hoja kutoka Haneti

Haneti, kijiji cha wilaya ya Chamwino kaskazini mwa mji wa Dodoma, kinajulikana nje ya Ugogo kwa kilichomo ardhini: krisopraso, jiwe la vito la kijani, na nikeli inayotafutwa katika miamba yake. Kilichojengwa juu ya ardhi hiyo hakijapata watafutaji wenye ari kama hiyo. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya lawama ni ya sheria yetu ya urithi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa magofu ya Kilwa kipimo hicho kinafaa; kwa tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, hakifai hata kidogo. Paa bapa la tembe hubebwa na nguzo za panda, kuta za fito zikikandikwa udongo. Juu hutandazwa matawi na nyasi, kisha udongo. Ni jengo la nchi yenye mvua za msimu mmoja, takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Juu ya paa nafaka huanikwa; uani ng'ombe hulala, wamezungukwa na vyumba vya wenye mji. Mvua zikipita, paa hudai kukandikwa upya. Umri wa tembe basi haupimwi kwa miti yake, maana miti hubadilishwa. Hupimwa kwa ujuzi unaorithishwa. Gofu la kanisa la mawe katika kijiji cha Ireland huweza kusimama karne kadhaa bila paa. Tembe likikosa mkandikaji, misimu michache tu hulirudisha udongoni.

Atasema mtu kwamba chini ya sheria hiyo Waziri anaweza kutangaza ulinzi wa vitu vya baada ya mwaka 1863. Anaweza, ila ni nani atakayempelekea ombi la nyumba ambayo serikali yenyewe ilikuwa ikihimiza iachwe? Katika Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kaya zilizotawanyika zilikusanywa vijijini, na nyumba ya matofali ikawa alama ya maendeleo. Shule na visima vilifuata, na hilo si dogo. Lakini mwanaanthropolojia Peter Rigby, katika kitabu chake cha 1969, alikwisha kuonyesha kwamba kaya za Wagogo zilihamahama kwa kufuata malisho, mashamba na ujamaa wa damu na ndoa. Anayetafuta urithi wa Haneti katikati ya kijiji cha leo, kwa maoni yangu, anatafuta pasipo. Ayaendee mahame ya kaya hizo, akiwa na kitabu cha Mathias Mnyampala cha 1954 juu ya mila za Wagogo mkononi.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya Haneti iutumie: iorodheshe mahame pamoja na wazee wanaoyajua, iwalipe wajenzi waliosalia wawafundishe vijana kuezeka, na isiisubiri Dodoma mjini.